Sensa ya ekosaunda inasoma ukitia nanga, ukikimbia inapotea: usikate waya kwanza

"Fundi shikamoo. Nina boti ya faiba futi 23, injini moja ya 40, naivulia kutokea Kunduchi na wikiendi napeleka watu kisiwani Mbudya. Nimenunua ekosaunda iliyotumika, mashine ya kupima kina na kuonyesha samaki, ile yenye sensa ya kufunga nyuma, waya wake kama mita 6. Fundi amenifungia kushoto kwa injini, karibu karibu nayo. Tukitia nanga inasoma vizuri, mita 12, mita 15, hadi samaki nawaona. Nikianza kutembea namba zinarukaruka, nikiongeza mafuta inapotea kabisa. Fundi anasema waya mrefu unapunguza nguvu, tuukate zibaki mita 3 tuunge, alafu atoboe tundu jipya chini zaidi waya upite njia fupi. Mshikaji wangu anasema niitoe sensa nje niigandishe ndani ya boti kwa silikoni nisitoboe chochote. Kusema kweli kutoboa boti naogopa, nimeinunua kwa mkopo. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Huo waya usiuguse kwanza, na kama fundi ameshashika koleo mwambie asubiri kidogo, maana vitu vingi kwenye boti ukikosea vinarekebishika ila waya wa sensa ukishakatwa haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Alafu hofu yako ya kutoboa mimi naiheshimu, nakuomba tu tuipeleke sehemu yake, kwa sababu tundu lenyewe halijawahi kuharibu boti. Kinachoharibu ni tundu lililoachwa bila kuzibwa vizuri, na hapo ndo watu wengi wanaumia.

Jibu la tatizo lako umeliandika mwenyewe kwenye swali. Ukitia nanga inasoma. Sasa kama urefu wa waya ndo shida, nanga ingeusaidiaje? Waya una mita 6 ukiwa umesimama na una mita 6 ukiwa unakimbia. Kilichobadilika boti ilipoanza kutembea ni maji yanayopita chini ya sensa, kwa hiyo tuanzie kwenye maji.

Ndani ya hiyo sensa kuna kipande cha seramiki ambacho kikipewa umeme kinatetemeka. Kama yako inafanya kazi kwa kilohezi 200, ambazo ndo zimezoeleka kwenye maji ya kina chetu cha pwani, maana yake kinatetemeka mara 200,000 kwa sekunde, kinatoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii, mlio unashuka hadi chini, unagonga mchanga au mwamba, unarudi, na kile kile kipande kinausikiliza ukirudi. Sauti kwenye maji ya bahari inaenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 15 safari ya kwenda na kurudi ni mita 30, inachukua sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Mashine inapima huo muda tu, inapiga hesabu, inakuandikia namba. Hakuna uchawi mwingine. Na mlio unaorudi ni mdogo sana, mdogo kuliko ule ulioenda, hilo liweke kichwani tutalirudia tukifika kwenye waya.

Sasa adui wa huo mlio ni hewa. Sauti ikitoka kwenye maji ikakutana na hewa haipiti, karibu yote inageuka inarudi ilikotoka. Wewe ni mvuvi, umeshawahi kuvuta chewa kutoka kina kirefu ukamkuta tumbo limemtoka mdomoni. Kile kinachomvimba ni kibofu cha hewa alichonacho ndani, na kibofu hicho hicho ndo kinachomfanya aonekane vizuri kwenye skrini yako, mlio unagonga ile hewa unarudi na nguvu. Nguru hana kibofu hicho, ndo maana anaweza kupita chini ya boti na ukaona alama hafifu tu. Basi kama kihewa kidogo ndani ya samaki aliyeko mita 15 chini kinarudisha mlio, fikiria shuka zima la mapovu limepita milimita chache chini ya sensa. Mlio hautoki kabisa. Unagonga mapovu unarudi hapo hapo, mashine inasikia kelele, inashindwa kupata chini, namba zinapotea. Sensa yako ni nzima, imezibwa tu na hewa.

Hayo mapovu yanatoka wapi? Hapo nakuja kwenye ule upande wa kushoto. Injini nyingi za nje zikiwa moja kwenye boti, ukisimama nyuma ukaangalia propela, inazunguka kwa kufuata mshale wa saa pale boti inapoenda mbele. Maana yake mapanga yakiwa upande wa kulia yanashuka, yakiwa upande wa kushoto yanapanda. Yanayopanda yanavuruga maji na kuyainua pamoja na mapovu yake, kwa hiyo kushoto kunakuwa kuchafu zaidi. Ndo sababu maelekezo ya watengenezaji kwa boti ya injini moja yanasema funga kulia, kulia ukiwa umesimama unaangalia omo, yaani mbele ya boti. Na sio kulia tu, iwe mbali na propela, wapo wanaotaka angalau sentimita 38, maana sensa ikikaa njiani kwa maji yanayoingia kwenye propela, yenyewe nayo inatengeneza mapovu yanayoifanya propela iteleze, boti inapoteza mwendo na mapanga yanaliwa. Sijaiona boti yako ila ukiniambia kushoto na karibu karibu na injini, mimi hapo tayari nimeshapata mashaka.

Kabla hujahamisha chochote fanya jaribio moja, halina gharama. Tia nanga kwenye maji safi, washa injini, weka nyutro, alafu ongeza mafuta taratibu huku unaangalia skrini. Boti haitembei, kwa hiyo mapovu ya mwendo hakuna. Kama picha inabaki safi hata injini ikinguruma, basi umeme wa injini hauna makosa na shida yako ni maji. Kama picha inachafuka, inajaa mistari na vidoadoa kadiri unavyoongeza mafuta, basi kuna kelele ya umeme inaingia, na hapo tunaangalia waya umepita wapi na umeme wa mashine umechukuliwa wapi. Inawezekana pia ukawa na yote mawili. Ila kwa maelezo yako mimi naweka uzito kwenye mapovu.

Kuchagua sehemu mpya usitumie tepu ya kupimia peke yake, tumia macho. Asubuhi kabla upepo haujaamka, mpe mtu mwingine usukani, vaa jaketi la kuokolea, kaa chini nyuma umeshika vizuri, boti iende mwendo wako wa kawaida, alafu angalia maji yanavyoachana na ule ukuta wa tezi, yaani nyuma ya boti, unaobeba injini, mafundi tunauita transomu. Utaona kuna sehemu maji yanatoka yamenyooka, laini kama kioo, unaona kijani cha bahari kabisa. Na utaona sehemu zingine yanatoka meupe yanachemka. Ukifuatilia yale meupe kwenda mbele chini ya boti utakuta kuna kitu kinasababisha, labda zile mbavu za faiba zinazokimbia kwa urefu wa boti, labda skrubu imejitokeza, labda tundu la kuingizia au kutolea maji, labda kiraka cha faiba ambacho hakikusuguliwa vizuri. Sensa inataka kukaa kwenye yale maji laini, upande wa kulia, na isiende pembeni sana, kwa sababu boti yako bila shaka ina umbo la V na pembeni kunainuka, ukishapata mwendo sensa ya pembeni inabaki inaning'inia hewani. Zungusha na injini hadi mwisho pande zote mbili uhakikishe propela haigusi sensa wala waya.

Kimo ndo kinachowachanganya mafundi wengi. Fundi wako anataka kushusha, na wazo lake sio baya moja kwa moja, ila inategemea anashusha nini na kiasi gani. Kwa boti ya faiba, uso wa sensa unatakiwa uwe umezidi chini ya boti kwa milimita 3 hivi, kama unene wa sarafu 2 ukizibananisha. Ikiwa juu zaidi ya hapo inakaa kwenye kivuli cha transomu ambako maji yameachana na boti na hewa imeingia. Ikishuka sana inakata maji, inarusha maji nyuma kama bomba limepasuka, inavuta boti na inakuwa ya kwanza kugonga kitu. Weka rula ndefu chini ya boti iliyonyooka itokeze nyuma, utaona kabisa uso wa sensa upo wapi. Kwa mlalo, usifuate mteremko wa chini ya boti, sensa inatakiwa iangalie chini wima, kwa hiyo boti ikiwa imekaa sawa weka pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kuangalia usawa, kulia na kushoto. Mbele na nyuma anza na usawa, alafu kama bado inapoteza ukiwa kwenye mwendo inua pua ya sensa kidogo sana ili nyuma yake iwe chini, maji yausukume uso wake badala ya kuacha pengo la hewa. Kidogo nikisema kidogo ni digrii chache, sio kuinamisha mpaka inaonekana kwa mbali.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikuambii. Boti zetu zinakauka. Maji yakipwa Kunduchi boti inalala mchangani, na ikilala inaegemea upande mmoja, kama upande huo ndo wenye sensa basi uzito wote unatafuta kile kiplastiki. Kwa hiyo hakikisha kishikio cha sensa ni kile kinachokunjuka kuelekea juu ikigongwa, kiinue kabla hujapandisha pwani, na ukiona magogo ya kuviringishia boti yamewekwa, mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia nyuma. Sensa nyingi nilizoletewa zimevunjika hazikuvunjikia baharini, zilivunjikia mchangani.

Waya sasa. Nimesema mlio unaorudi ni mdogo, na umeme unaotokana nao ni mdogo vile vile, unasafiri ndani ya nyaya nyembamba zilizozungushiwa wavu wa chuma. Ule wavu ndo ukuta wake, unazuia kelele za nje zisiingie. Ukikata na kuunga, hata uwe na mkono mzuri kiasi gani, pale penye kiungo ukuta una mlango, kelele zinaingia, alafu ndani ya miezi michache chumvi inaingia, shaba inageuka kijani, na hapo unaanza kutafuta ugonjwa mwingine kabisa. Mita 3 unazotaka kuondoa hazikupunguzii chochote unachoweza kukiona kwenye skrini. Waya uliozidi ukunje kwa umbo la namba 8, mikunjo mikubwa, ufunge usilegee, uuweke sehemu kavu mbali na betri na mbali na waya wa redio ya VHF. Usiukunje kwa kuubana, na kiunganishi cha mwisho usikikate ili kipite kwenye tundu dogo, bora tundu liwe kubwa.

Njia yake iwe ya peke yake. Usiufunge pamoja na nyaya za injini, za pampu ya maji ya ndani wala za redio, acha angalau futi 1 kama nafasi ipo, na ikibidi zikutane basi zipishane kama msalaba zisikimbie sambamba. Umeme wa mashine uchukue moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ya saizi iliyoandikwa kwenye mashine, nyingi ni ampea 3. Usichukue umeme kwenye waya wa pampu eti kwa sababu upo karibu.

Na kuhusu tundu la chini alilotaka kutoboa fundi, hapo nakataa kabisa. Waya haupiti chini ya mstari wa maji. Na mstari wa maji sio ule unaouona boti ikiwa tupu, ni ule unaokuwa umebeba watu 8, barafu na samaki, umepunguza mwendo ghafla na wimbi lako mwenyewe likakufuata nyuma. Kwa boti yako mimi hata tundu la waya nisingetoboa, ningeupandisha juu ya transomu, nikauzungusha ukingoni na kuuingiza ndani kwa juu, na kila sentimita 20 hivi nikaweka kishikio, nikiacha ulegevu kidogo pale karibu na sensa ili ikikunjuka isiuvute waya. Ukiingiza ndani acha kitanzi kinachoning'inia chini kabla waya haujafika kwenye mashine, maji yanayotiririka juu ya waya yadondokee hapo.

Kwa hiyo matundu yanayobaki ni ya skrubu za kishikio, na haya huwezi kuyakwepa ukifunga nje. Nikueleze kwanini nayachukulia kwa uzito. Kuna boti niliitwa kuiangalia Msasani, mwenyewe analalamika injini inacheza, akidhani boliti zimelegea. Nikaona kwa chini kuna skrubu 2 za sensa ya zamani ambayo haipo tena. Nikafungua ya kwanza, haikunipa shida, ilizunguka yenyewe kama ipo kwenye siagi, na ilipotoka tu maji ya kahawia yakaanza kuchuruzika kwenye tundu, yakaendelea kuchuruzika muda mrefu. Nikaingiza bisibisi nyembamba ikazama bila kusukuma. Plaiwudi iliyokuwa ndani ilitoka kama mkate uliolowa kwenye chai. Aliyefunga zile skrubu hakuweka gundi, na aliyeitoa sensa hakuziba. Boti nzima kwa nje faiba yake ilikuwa inang'aa, ndani transomu ilikuwa imekufa, na pale ndo injini inaning'inia.

Transomu nyingi za faiba zipo hivo, ngozi ya faiba nje na ndani, katikati plaiwudi. Plaiwudi ikiwa kavu ina nguvu sana, ikinywa maji hairudi. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha maji hayaioni, na inawezekana. Njia ninayoiamini ni hii: toboa tundu kubwa kuliko skrubu, tuseme milimita 10, lisipite upande wa pili, biti uifunge tepu kwa alama ujue umefika wapi. Ukianza kwenye jelikoti, ile ngozi laini ya juu ya faiba, zungusha drili kinyume kwanza mpaka ikwaruze, alafu ndo uende mbele, haitapasuka. Angalia unga unaotoka, ukiwa mweupe na mkavu endelea, ukiwa mweusi na unyevu simama, nitakuambia cha kufanya. Jaza lile tundu epoksi nzito, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu, iache igande kabisa, alafu ndani ya ile epoksi toboa tundu dogo la skrubu, kwa skrubu nyingi za sensa biti ya milimita 4 inatosha ila hakikisha na karatasi yake. Sasa skrubu yako imekaa ndani ya plastiki ngumu, mbao haiguswi. Skrubu ziwe stenlesi, zipake gundi ya baharini ya polyurethani, kama Sikaflex 291, nyuzi zote na chini ya kishikio, mpaka ikamuke pembeni. Silikoni ya bafuni hapana, haishiki vizuri kwenye maji ya muda wote na ikishapaka faiba kitu kingine hakishiki hapo. Matundu ya zamani ya kushoto nayo yazibe kwa epoksi hivo hivo siku hiyo hiyo, usiseme nitakuja kuziba.

Kama bado roho inauma, kuna njia ya kupunguza matundu ya baadaye. Tafuta ubao wa plastiki mgumu, ule ule unaotengenezewa vibao vya kukatia nyama, ufunge kwenye transomu mara moja kwa skrubu ulizozifanyia kazi kama nilivosema, alafu sensa uifunge kwenye ubao. Ukitaka kuishusha au kuihamisha kidogo unatoboa plastiki, boti huigusi tena. Ila usitegemee gundi peke yake kuushika, plastiki ile haikubali gundi, lazima skrubu.

Muda wa kukauka ndo mtego mwingine. Watu wanafanya kazi hii maji yakiwa yamekupwa, yakijaa wanaelea. Kati ya kupwa na kujaa una saa 6 tu na kazi umeshatumia 2, gundi inalowa ikiwa bado laini na epoksi ndo kabisa. Tumia bamvua. Siku maji yanapojaa sana kuliko zote, siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu, ipandishe boti mpaka mwisho wa maji. Kila siku inayofuata maji yanafika chini zaidi, mpaka maji mafu, kwa hiyo boti yako inakaa kavu siku kadhaa bila kukodi kitu, unafanya kazi kwa utulivu, bamvua lijalo unashusha. Panga na watu wa pwani tu wasikuwekee boti nyingine mbele.

Mshikaji wako wa silikoni naye hakukosea yote. Kufunga ndani ya boti kunawezekana, mlio unapita kwenye faiba, ila kwa masharti. Faiba iwe tupu bila plaiwudi wala povu katikati pale unapobandika, na ubandike kwa epoksi isiyo na kipovu hata kimoja. Ukibandika kwa silikoni utakuwa umejitengenezea hewa yako mwenyewe ndani. Mlio unapungua nguvu, na kama sensa yako ni ile ya picha kali za kilohezi 455 au 800 haitakupa kitu cha maana, na joto la maji itakusomea joto la boti. Faida yake ni kwamba hakuna kinachogongwa. Kama unataka kina tu, na chini ya boti yako ni faiba tupu, jaribu kabla ya kubandika: weka maji kidogo ndani ya boti pale chini, tumbukiza sensa iguse, soma kina ukiwa umetia nanga, alafu linganisha na ukiitumbukiza nje. Zikilingana na unasoma mpaka kina unachovulia, ni chaguo halali. Kwa boti ya mbao sahau. Wenye mbao, au aliyekodi boti, bora bomba lililofungwa ubavuni na sensa mwisho wake, unashusha ukifika kwenye fungu la kuvulia na unainua ukiondoka.

Wewe kwa matumizi yako, uvuvi pamoja na abiria, mimi ningehamisha kulia kwa nje kwenye ubao wa plastiki. Ukishafunga, toka asubuhi, nenda polepole, noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa), angalia, ongeza mpaka 8, mpaka 12, kila mara shikilia dakika moja. Pale inapoanza kupoteza andika mwendo wake. Rudi, shusha milimita 3, au inua pua kidogo, kimoja kimoja, sio vyote pamoja maana hutajua kilichosaidia. Usihangaike kupandisha usikivu wa mashine kutibu hili, utaongeza kelele tu. Na nikuambie ukweli, kusi likichafuka bahari nzima ina mapovu, hata sensa iliyofungwa vizuri itapepesa, hilo lisikutie wasiwasi.

Kwa kuwa unapeleka watu, hili nakuomba sana: hiyo namba inasoma kilicho chini ya tezi, sehemu ambayo omo imeshapita. Haikuambii mwamba ulioko mbele. Ukikaribia Mbudya macho yako na uzoefu wa nahodha ndo vinaongoza, namba inafuata. Alafu ingiza kwenye mashine kimo cha sensa ukilinganisha na mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa boti, ili mita 1 inayosomeka iwe kweli mita 1 chini ya boti.

Ni wakati gani uache kazi umwite mtu aione boti? Kabla ya kutoboa gonga transomu yote kwa mpini wa bisibisi. Ikitoa mlio mkavu, ko ko ko, sawasawa kote, endelea. Ukifika sehemu inalia bu, kama unagonga godoro, au unga wa drili umetoka mweusi, au skrubu ya zamani imetoka na maji, au kuna mipasuko inayoanzia kwenye boliti za injini, usifunge sensa wala usibebe abiria, tafuta fundi wa faiba afike hapo boti ilipo, maana injini yako ni kilo 70 hivi zinazovuta ule ukuta kila unapoongeza mafuta. Hiyo haitibiki kwa gundi. Na kama jaribio la nyutro limeonyesha kelele na hata ukiwasha mashine kwa betri yake ya pembeni kelele haziondoki, mwite fundi wa umeme wa boti aangalie injini.

Fundi wako usimfukuze, mwonyeshe lile jaribio la nyutro mfanye pamoja, akiona mwenyewe atakubali. Ukimaliza, kila ukitoka osha uso wa sensa kwa sabuni ya vyombo na kitambaa laini, mafuta ya samaki na ya injini yakikaa pale yanashika vipovu. Asitoni usiiguse nayo, inakula plastiki. Vijichaza wakianza kuota watoe kwa ukucha au kipande cha ubao. Alafu nitumie picha ya transomu ikiwa imekauka, ya nyuma na ya chini, kabla hujatoboa.